Mgahawa mpya mtaani umeandikwa "Pindu Pindu Chapati". Nani amwambie mwenyewe?

Chumvi Kiasi (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wakuu.

Hapa kwetu Mabibo, barabara ya kwenda Mahakama ya Ndizi, kumefunguliwa mgahawa. Fremu ilikuwa ya vifaa vya simu, ikakaa imefungwa muda mrefu, sasa imepakwa rangi ya njano, meza mpya, feni mbili, na pembeni kuna sinki la kunawa lenye maji ya bomba na sabuni. Mama mwenyewe anapika mbele ya wateja. Chapati zake nimekula na nasema wazi: mtaa huu hakuna anayemsogelea. Ukivuta kipande tabaka zinaachana zenyewe, na ukimaliza vidole havijalowa mafuta.

Tatizo ni bango. Ni bango la taa, herufi nyekundu zinazoonekana tangu kituoni: PINDU PINDU CHAPATI. Chini yake, kwa maandishi madogo: "Tunapindua mpaka uridhike".

Alichokusudia kinaeleweka, chapati hupinduliwa. Lakini Mtanzania yeyote akisoma pale, ile "ki" anaiongeza mwenyewe bila kuambiwa. Watoto wa shule wameshaanza. Bodaboda wanaulizana, "Unaenda wapi?" "Kwa Kipindupindu." Na pale ni mahali pa kula!

Nauliza mawili. Jina likikaa vibaya, linaweza kweli kuua biashara ya chakula wakati chakula chenyewe ni kizuri? Na jirani unaanzaje kumwambia mtu ambaye ameshalipia bango? Naumia kuona mikono kama ile ikifunga biashara kwa sababu ya herufi.

Ndevu Mbili

Nipo kwenye mwendokasi nacheka peke yangu, watu wananitazama.

Mkuu, usiwe na wasiwasi. Watanzania tunakula chipsi mayai tukiziita zege, na zege ni la kujengea nyumba. Tunakula kitimoto. Mpira tumeangalia banda umiza na hakuna aliyeumia. Chakula kikiwa kitamu jina linalainika lenyewe. Mpe miezi kadhaa, watu watasema "twende Pindu" na hakuna atakayekumbuka ugonjwa.

Kasuku Mweusi

> Ndevu Mbili: Tunakula chipsi mayai tukiziita zege

Hapo umechanganya mambo, kaka. Zege, kitimoto, mama ntilie, yote hayo ni majina waliyotoa walaji. Mtu ameshashiba, ameshazoea, ndipo anatania. Huyu mama ameanza na utani kabla mteja hajaonja. Mgeni anayepita na gari hajui kama chapati ni laini, anachokijua ni kilichoandikwa juu ya mlango.

Halafu zege halijaua mtu wa familia yako.

Mpishi wa Zamu

Ila kitimoto siku hizi kinaandikwa kwenye mabango, Kasuku. Pita njia yoyote yenye baa utaona "Kitimoto rosti" kwa herufi kubwa.

Kasuku Mweusi

Ndiyo, baada ya jina kuzoeleka. Wa kwanza kuliita hivyo hakuwa na bango.

Mama Wawili

Salaam kwenu. Mimi ni muuguzi. Nimesoma nikaona niandike, maana naona wengine humu mlikuwa wadogo.

Mwaka 2015, mwezi wa nane, kipindupindu kililipuka hapa Dar kikianzia upande wa Kinondoni, kikasambaa karibu nchi nzima na Zanzibar. Hadi mwaka uliofuata wagonjwa walikuwa wamezidi 20,000. Nilipangiwa kambi. Vitanda vya kule ni vya turubai, vina tundu katikati na ndoo chini yake, kwa sababu mgonjwa hana uwezo wa kuamka kila mara. Mtu anaingia asubuhi akitembea, mchana macho yamezama, sauti imekauka, ukiifinya ngozi ya mkono inabaki imesimama hivyo hivyo. Tunakimbizana na dripu. Akiwahi anapona, na akitibiwa mapema vifo havifiki hata mmoja kwa mia. Tatizo ni wale waliochelewa. Na aliyefariki hakurudishwa nyumbani kuoshwa na ndugu, alizikwa chini ya usimamizi wa watu wa afya.

Kwa hiyo kuna nyumba hapo hapo Mabibo, Manzese na Tandale ambazo neno hilo bado linauma. Simlaumu mama wa chapati. Lakini aambiwe, na aambiwe mapema.

Baharia wa Tanga

Dada Mama Wawili, Mungu akulipe kwa kazi ile.

Marekebisho madogo kwa wasomaji: Mabibo na Manzese leo ziko Manispaa ya Ubungo. Wakati ule Ubungo ilikuwa haijamegwa kutoka Kinondoni, ndiyo maana taarifa zote za 2015 zinasema Kinondoni.

Ndevu Mbili

Shukrani dada. Hata hivyo nauliza: watu waliacha kula vyakula vya njiani kwa sababu ya neno, au kwa sababu ya ugonjwa? Naikumbuka ile marufuku ya kuuza matunda yaliyokatwa na juisi za ndoo. Ulipopungua, wote tulirudi kwa mama lishe wale wale.

Fundi Herufi

Wakuu, mimi kazi yangu ni mabango. Sijatengeneza hilo, ila nahisi najua kilichotokea.

Herufi za taa, zile zinazosimama zenyewe, mteja analipia kwa herufi moja moja kufuatana na ukubwa. Anakuja na jina refu, anapigiwa hesabu, anashika kiuno, anaanza kupunguza. Nina wateja waliokuja na "Mgahawa wa..." wakaondoka na neno moja. Sasa chukueni PINDUA PINDUA, toeni A mbili. Hizo ni pesa. Naweka dau jina la mwanzo lilikuwa PINDUA PINDUA CHAPATI, na lingekaa vizuri kabisa.

Chumvi Kiasi

Fundi, hii imeniingia. Na yale maandishi madogo ya chini yana "Tunapindua" nzima, kwa sababu yale ni ya stika tu.

Mtu Mkavu

Mnahangaika na herufi. Hiyo ni kiki. Huyo mama amekaa na kijana wa mitandao akamwambia weka jina la kushtua, watu watapiga picha bure. Na ninyi mmeanzisha uzi. Kazi imekwisha.

Kasuku Mweusi

Mtu Mkavu, mtu wa kiki angekuwa na akaunti mtandaoni. Chumvi, ana akaunti?

Chumvi Kiasi

Hana. Namba ya kuagizia imeandikwa kwa kalamu ya wino mzito kwenye karatasi na kubandikwa ukutani kwa gundi.

Mtu Mkavu

Basi kiki ya bahati mbaya.

Wakili wa Kijiweni

Tuweke upande wa sheria kidogo.

Jina la biashara linasajiliwa BRELA. Msajili anaweza kulikataa, hasa likifanana na lililokwishasajiliwa au likipotosha umma. "Pindu Pindu" kwa maandishi si neno baya, hivyo mtu aliyekaa kwenye kompyuta hana sababu ya kulizuia. Na kumbukeni unaweza kuwa na jina moja kwenye cheti na lingine kwenye bango, wengi wanafanya hivyo na wanajitafutia usumbufu. Akitaka kubadilisha, atume mabadiliko BRELA, halafu leseni ya manispaa na taarifa za TRA zifuate. Siyo mlima. Gharama kubwa itakuwa bango.

Upande wa chakula, tangu 2019 usajili wa majengo ya chakula ulihama kutoka iliyokuwa TFDA kwenda TBS, na maafisa afya wa manispaa wanaendelea na ukaguzi wao chini ya Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009. Humo kote hakuna anayepima jina.

Ndevu Mbili

Kwa hiyo jina umesajili kwa ORS ya BRELA, ule mfumo wa mtandaoni, na mteja akilisoma anaomba ORS ya hospitali, ile ya kunywa mtu akiharisha.

Mama Wawili

Haha, Ndevu wewe!

Pwani Raha

Hamjambo? Mimi niko Mombasa. Huku mtu akifungua kibandaski cha chapo, anaandika tu "Chapo Madondo", yaani chapati na maharage, na bei, basi. Jina linakuambia unakula nini. Nairobi wana smocha, yaani soseji ya smoki ndani ya chapati, maneno mawili yamegongwa pamoja, na kila mtoto wa shule anaijua. Kwa hiyo kucheza na maneno si kosa. Ni vile mama yenu amegonga neno ambalo lilikuwa na mwenyewe.

Na huku pia ugonjwa huo tunauita kipindupindu, angekuwa Kisauni angechekwa vilevile.

Kijana wa Wandegeya

Pwani Raha umenitangulia. Kampala chapati ikiviringishwa na mayai ni rolex. Ni Kiingereza cha "rolled eggs" kilichotamkwa haraka mpaka kikafanana na saa ya Uswisi. Ilishika sana huku Wandegeya, karibu na Makerere, chakula cha wanafunzi wasio na hela. Mwaka 2016 Kampala ikafanya hadi tamasha la rolex. Hilo ndilo jina la utani lililokaa vizuri: mtu anakula chapati ya bei ndogo, anajiona amevaa saa ya bei kubwa. Linamnyanyua mlaji. La huyo mama linamtisha mlaji. Nadhani tofauti iko hapo.

Kasuku Mweusi

Umenena, mdogo wangu.

Mkazi wa Sacramento

Wakuu salaam, kutoka California.

Haya mambo hata huku yapo. Aprili 2018 kule Long Beach duka la Whole Foods 365 lilifunguliwa likiwa na mgahawa wa vyakula vya Asia ndani yake, unaitwa Yellow Fever. Homa ya manjano! Tena huku maneno hayo yana maana ya pili ya dharau, yanasemwa kuhusu wanaume wanaowatamani wanawake wa Kiasia kwa sababu ya asili yao tu. Mmiliki mwenyewe ni mwanamke mwenye asili ya Asia, akasema anachukua jina na kuligeuza liwe lake. Watu hawakumwelewa, ilikuwa kelele nchi nzima.

Na New Hampshire, mji wa Keene, kuna mgahawa wa supu ya Kivietinamu inayoitwa pho. Pho hutamkwa karibu na "fa". Wakaunganisha na jina la mji, wakaita Pho Keene Great. Ukisoma haraka ni tusi kamili. Desemba 2018 uongozi wa mji ukataka kibao kishushwe, maana jengo lilikuwa la mji na lipo jirani na ofisi zao. Watu wakaja juu kutetea. Mwisho jina likabaki na mgahawa ukafunguliwa 2019.

Kwa hiyo majibu ni mawili: jina lilelile la utata linaweza kukuangusha au kukutangaza.

Mtu Mkavu

Ninyi si mlisema kiki haipo? Hiyo ya Keene ni nini?

Mkazi wa Sacramento

Tofauti, mkuu: la Keene ni tusi, na tusi linachekesha. Ugonjwa wa kuharisha mezani hauchekeshi mwenye njaa.

Mhasibu Mpole

Kuna peremende za kupunguza uzito zilikuwa Marekani zinaitwa Ayds, zikapigwa marufuku na serikali ulipokuja ukimwi. Na Chevrolet Nova ilishindwa kuuzwa Mexico kwa sababu "no va" kwa Kihispania ni "haiendi". Jina linaua biashara, historia ipo.

Mkazi wa Sacramento

> Mhasibu Mpole: zikapigwa marufuku na serikali

Hapana, Ayds hawakupigwa marufuku. Zilikuwa zinauzika vizuri tangu zamani, ukimwi ulipojulikana miaka ya 1980 mauzo yakaporomoka kwa sababu ya kutamkwa sawa. Mwanzoni kampuni ilikataa kubadilisha jina, ikaja kubadilisha imechelewa. Hiyo ndiyo ya kumwonyesha mama wa Mabibo: tatizo lilikuwa kuchelewa.

Ile ya Nova ni hadithi ya vijiweni. Gari liliuzwa vizuri tu Mexico na Venezuela. Ukitaka mfano wa kweli wa gari chukua Pajero, hii hii tunayoijua. Kwa Kihispania ni tusi, ndiyo maana kwenye nchi za Kihispania iliuzwa kama Montero.

Ndevu Mbili

Kwa hiyo wale wakubwa wote waliopita na Pajero miaka ile... basi naishia hapo.

Mzee Kiko

Wanangu. Mimi nakaa London tangu zamani. Hapa Soho, mtaa wa Broadwick, kuna baa inaitwa John Snow. Huyo ni daktari aliyeonyesha mwaka 1854 kwamba kipindupindu kilikuwa kinatoka kwenye pampu ya maji ya mtaa ule, wakati wakubwa wa tiba walikuwa wanasema ni hewa mbaya. Mpini wa pampu ukaondolewa. Baa iko hatua chache tu na pampu ilipokuwa, na watu wanakunywa humo kila jioni bila shida, ingawa Snow mwenyewe kwa sehemu kubwa ya maisha yake hakunywa pombe.

Wanakunywa kwa raha kwa sababu jina ni la aliyepambana na ugonjwa. Mwambieni mama atafute jina la upande wa tiba.

Mpishi wa Zamu

Shikamoo Mzee Kiko. Upande wa tiba tutaandika nini sasa, "Dripu Chapati"?

Mzee Kiko

Marahaba. Andikeni jina lake yeye mwenyewe. Chakula chetu tangu zamani ni "kwa mama fulani".

Nyota ya Goma

Bonjour ba ndugu. Mimi niko Goma. Nimesoma yote nikajiuliza, mbona mnashituka? Kwetu huku ugonjwa tunaita kolera. Mtu akiniambia pindu-pindu mimi nafikiria tu kitu kinageuka-geuka. Je, huyo mama si mutu wa huku kwetu? Ba mama wengi wa Goma na Uvira wako Dar, na chapati wanajua kupika. Kama ametoka Congo, kosa halipo kwake.

Goma tunajua ugonjwa huo vizuri, musiseme tunacheka. Mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda walikufa maelfu kwa maelfu hapa, kwa wiki chache tu. Wazazi wetu wanasema walikuwa wanapanga maiti kandokando ya barabara. Lakini neno letu ni kolera.

Chumvi Kiasi

Nyota, karibu sana. Lafudhi yake si ya bara la mbali, lakini kuna siku nilimsikia akiongea na simu Kiha. Kigoma hiyo.

Nyota ya Goma

Kigoma na Uvira ni ziwa moja. Basi ni hivyo.

Baharia wa Tanga

Hapana. Kigoma ndiyo wanalijua neno kuliko wote. Mei 2015, kabla hata ya huu mlipuko wa Dar, wakimbizi wa Burundi walirundikana kijiji cha Kagunga pale mwambao wa Tanganyika na kipindupindu kikawaanza huko. Mtu wa Kigoma hawezi kusema hajalisikia.

Nyota ya Goma

Labda aliondoka mapema.

Kijana wa Jangwani

Mimi nina jibu fupi: ni shabiki wa mpira. "Kupindua meza." Timu imefungwa kipindi cha kwanza, inarudi inapindua. Angalia rangi: ukuta wa njano. Huyo ni Mwananchi, wa Yanga.

Mtoto wa Msimbazi

Na herufi nyekundu mbona hujazisema? Mnyama huyo, wa Simba.

Kijana wa Jangwani

Njano na nyekundu hiyo ni ya gesi ya kupikia.

Mwana wa Forodhani

Kama ni kupindua, sisi wa Unguja tuna hakimiliki. Abadilishe aandike "Chapati Mapinduzi", afungue rasmi tarehe 12 Januari, supu bure.

Wakili wa Kijiweni

Usimtoe mama kwenye shimo moja ukamtumbukiza kwenye lingine. Jambo la 1964 si la kuweka kwenye kikaango.

Mama Wawili

Wenzangu, tumesahau swali la pili la mwenye uzi. Atamwambiaje?

Mimi naona asiende wakati wa wateja, wala asiende na kikundi. Aende mwanamke mwenzake, mtu mzima, wakati wa kukanda unga mchana pakiwa pametulia. Aanze na sifa ya chapati maana ni ya kweli. Halafu aseme moja kwa moja: "Mdogo wangu, watu wanalisoma hivi." Asizunguke.

Chumvi Kiasi

Wakuu, nimerudi na majibu. Nilimwomba mama yangu mzazi aende, mimi nikakaa meza ya pembeni na chai.

Alikuwa anakanda. Maji ya moto, chumvi, mafuta kidogo, akikandamiza kwa kisigino cha kiganja mpaka unga ukaacha kushika beseni. Akaufunika kitambaa kibichi akauacha ulale. Ndipo mama akamwambia. Hakukasirika. Alifuta mikono kwa aproni, akatoka nje, akasimama ng'ambo ya barabara, akalisoma bango kama analiona mara ya kwanza. Akarudi akasema anajua watu wanavyosema. Anasema zamani akiuza chini ya mwembe kwa jiko la mkaa, mteja wake wa kwanza alikuwa dereva wa lori la ndizi, akawa anamwita "Pindu", kwa jinsi anavyopindua kwa ncha za vidole bila mwiko. Wateja wote wa sokoni wanamjua kwa jina hilo. "Nikiliondoa," alisema, "wale walionilea watanipataje?"

Na bango limelipwa kwa mkopo wa kikoba. Marejesho kila Jumamosi.

Fundi Herufi

Kwa hiyo "Pindu" moja ilitosha. Nani alimwambia aweke mbili?

Chumvi Kiasi

Mama alimuuliza hilo. Akasema fundi wa bango alimshauri, moja lingeacha nafasi tupu.

Fundi Herufi

Hapo sasa imegeuka. Fundi ameuza herufi zaidi badala ya kupunguza! Huyo mwenzangu amefanya vibaya. Kazi yetu ni kumsomea mteja jina kwa sauti kabla ya kukata.

Dereva Bajaji 77

Mimi napaki hapo nje. Mwembe ninaujua, ila hadithi niliyoisikia ni nyingine, kwamba jina alichagua shemeji yake aliyetoa kodi ya fremu, na mama alitaka "Chapati za Sokoni". Hawezi kumsema shemeji mbele ya wageni.

Halafu kuhusu wateja: asubuhi panajaa, wabeba ndizi wote. Tatizo ni mchana, watu wa maofisini. Wanakuja, wanaangalia juu, wanavuka barabara. Nimewaona kwa macho yangu.

Mhasibu Mpole

Hilo naliamini. Mimi nanunua chakula cha vikao ofisini kwetu. Risiti ya mashine inatoka na jina la mfanyabiashara. Siwezi kupeleka kwa bosi risiti ya vitafunwa vya semina imeandikwa Pindu Pindu, hata kama chapati ni za peponi. Oda za vikao na misiba ndizo zenye hela ya uhakika, na hizo zote atazikosa.

Kasuku Mweusi

Nilichokisema tangu mwanzo. Wanaomjua hawahitaji bango, wasiomjua ndio bango linawafukuza. Kwa hiyo linawafukuza wale wale liliowekwa kuwaita.

Pendekezo: aache PINDU moja, mbele aweke MAMA kwa kitambaa au stika ya bei ndogo, mpaka mkopo uishe. "Mama Pindu Chapati". Dereva wa ndizi atampata, na mtu wa ofisi hatashtuka.

Fundi Herufi

Inawezekana bila kununua herufi mpya nyingi. PINDU ya pili inang'olewa, zinabaki P, I, N, D, U. Ila hakuna M wala A hapo, hizo zitabidi zitengenezwe. Chumvi, mwambie anitafute kupitia wewe. Nitamfanyia kwa gharama ya vifaa tu. Nasema kweli.

Chumvi Kiasi

Fundi, Mungu akubariki. Nampelekea kesho.

Mtu Mkavu

Mkilibadilisha mnaua biashara. Sasa hivi mtaa mzima unazungumzia huo mgahawa. Mkiweka "Mama Pindu" atakuwa mgahawa wa kawaida kama mingine. Nani alianzisha uzi kwa ajili ya "Mama fulani Chapati"?

Mama Wawili

Mtu Mkavu, mgahawa wa kawaida wenye watu mchana ndiyo anaoutaka. Ana marejesho Jumamosi.

Ndevu Mbili

Nakubaliana na dada, na naongeza: kama maji yanatiririka na sabuni ipo, aweke basi na kibao kidogo "Nawa mikono kwanza" pale kwenye sinki. Kwa jina lolote.

Bi Tui

Mnazungumza majina, mimi nauliza mambo ya msingi. Mnasema anakanda kwa maji ya moto na mafuta? Sisi Tanga bila tui la nazi hiyo haijawa chapati. Tui zito, vuguvugu, unga haushuki chini ya mikono kwa nusu saa.

Mpishi wa Zamu

Bi Tui, chapati ya tui ni tamu siku hiyo hiyo, ikilala inachacha. Ya biashara ni maji ya moto. Siri ni kupaka mafuta, kuviringa kama kamba, halafu kuizungusha iwe donge. Tabaka zinatoka hapo, hazitoki kwenye nazi.

Bi Tui

Na wewe unalaza chapati ya nini? Inaliwa hapo hapo.

Pwani Raha

Niko na Bi Tui.

Mwana wa Forodhani

Mimi pia. Na iwe na iliki.

Mpishi wa Zamu

Iliki kwenye chapati? Hiyo sasa ni maandazi.

Dereva Bajaji 77

Taarifa ya jioni hii: PINDU ya pili haiwaki. Wengine wanasema taa imeungua, wengine shemeji amekuja na ngazi, muuza vocha anasema mama mwenyewe amechomoa waya. Mimi nilikuwa nimepeleka abiria Kimara, sikuona. Nilipomuuliza mama amecheka tu, akanipa chapati mbili na maharage.

Kijana wa Jangwani

Umeme wa hapo unakatikatika, acheni kutafuta mchawi.

Fundi Herufi

 Neno zima likizimika na yaliyobaki yakawaka, huenda waya wake umeachia au mtu ameligusa. Chumvi, ukipita piga picha ya nyuma ya bango, upande wa waya, uniletee.

Bi Tui

Na umuulize kama nazi zinapatikana hapo sokoni.